Saa Tisa, Sudbury

Kwenye mlango wa kikanisa wamebandika zamu za kuabudu.
Jina langu limeandikwa D. Haul,
herufi ya mwisho imedondoka, labda kwenye theluji,
na mbele yake namba tatu.
Mimi husoma tisa.
Mwaka wa kumi na moja huu, na bado saa za huku zinanichanganya:
wao huanza kuhesabu katikati ya giza.

Natoka kufua mashuka ya hospitali.
Nje, bomba la moshi la kiwanda cha nikeli
limesimama kama mshumaa ambao hakuna aliyejisumbua kuuwasha.
Nampokea zamu Bwana Aurèle Thibodeau,
mchimbaji mstaafu, kifua chake kinachemka kama birika.
Hatusemezani. Ananiachia kiti chenye joto
na siku nyingine pipi ya mnanaa juu ya kitabu cha nyimbo.

Sikuja kwa utakatifu, niseme ukweli.
Nilijiandikisha kwa hasira,
wiki ile mama alipozikwa Litembo
na karatasi zangu zimelala Ottawa kwenye droo ya mtu.
Nilimwambia: nitakaa mbele Yako kila Alhamisi
mpaka Unieleze.

Hakunieleza.
Hostia nyeupe, kimya, kipasha joto kikitatarika ukutani.
Nikafumba macho, nikabaki na fumbo.
Nikasali kama mtu anayechambua maharage,
punje baada ya punje, akili iko kwenye kodi,
kwenye kiatu kinachovuja,
sasa na saa ya kufa kwetu, sasa na saa ya kufa kwetu.

Mama alikuwa katekista wa kigango.
Tukimuuliza nafsi tatu zinakuwaje Mungu mmoja, alitukatiza:
“Pigeni magoti kwanza. Akili ina miguu mifupi,
itawakuta njiani.”
Nilidhani anakwepa swali.
Huenda kweli alikuwa anakwepa.

Baridi mbili zikapita hivyo.
Kisha Alhamisi moja, bila malaika, pua ikinitiririka,
nikatazama saa ya ukutani:
mshale juu ya tatu, nikasoma tisa,
nikamsikia dada yangu kwenye simu, “Ametutoka saa tisa,”
na tisa ndiyo saa Aliyolia Yeye msalabani.

Sasa. Na saa.
Tangu nina meno ya utoto naitamka sala hii
na sikuwahi kusikia ninachokiomba:
dakika hii, na ile.
Mama aliiombea ile yake
mara hamsini kwa siku, kabla hata hajajua kusoma.
Mimi sikufika.
Aliyeombwa alikuwa ameshafika.

Sisemi nimeelewa. Nimepapasa ukuta wa chumba cha kupanga
na kidole kimegusa swichi.
Ugomvi wangu na Yeye haujaisha, tunaendelea Alhamisi.

Saa kumi, Mama Ludwika Zaremba anaingia, anakung'uta buti.
Namwachia kiti chenye joto.
Pipi nimeshaila.