Asiyekufa Haliliwi

Unaniuliza tangu lini, Daktari.
Andika: tangu Septemba, joto lilipokaza,
nilipoacha kuchana nywele
na cherehani ikavaa vumbi jekundu la Katuba.
Au andika: tangu darasa la tatu.

Siumwi kichwa, siumwi tumbo.
Ninalala tu, na nikilala ninajitukana:
mlegevu we, mwongo we,
umekula pesa ya watoto,
umewaacha na sufuria tupu
ukapanda gari na viatu vipya mguuni.

Hakuandika. Feni ilizunguka mara mbili, umeme ukaenda.
Kisha gizani, kama anayeuliza bei ya makala:
"Numbi, wewe una watoto wangapi?"

Sina.
Sina hata mmoja.
Na vile viatu vilikuwa vya kahawia, namba arobaini na tatu.

Mwaka kampuni ilipokata posho
walimpa baba bahasha. Aliihesabu mezani mara tatu,
akasema anakwenda kununua sukari.
Mama alifunika sahani yake ya bukari
kila jioni, mwaka mzima,
na mdogo wangu Kalenga alipofungua kinywa kulia
alimziba kwa kiganja:
asiyekufa haliliwi.

Basi hatukulia. Na hasira ningempa nani, kiti?
Unamchukiaje mtu ambaye bado unamngoja mlangoni?
Nilimmeza, mzima mzima, na viatu vyake,
kama mchuuzi anavyoficha noti mdomoni askari akipita.
Akakaa humo. Akalala mchana kwa mgongo wangu,
akakohoa kwa kifua changu,
na mimi kila usiku
nikawa na wa kumpiga.

Kile kilima cheusi kando ya bomba la moshi,
mgeni hudhani ni mlima.
Ni mabaki tu, shaba ilikwisha kuondoka.
Siku hizi wanakichokonoa tena,
wanasema bado kuna kitu.

Nilipofika nyumbani nilisema kwa sauti:
Kyungu, umekula pesa ya watoto.
Jina lake, mdomoni mwangu, lilikuwa na ladha ya msumari.
Jirani aliuliza ukutani, "Unagombana na nani?"
Nikajibu, na mtu wa zamani.

Sijapona. Cherehani bado ina vumbi.
Ila jana nililia kidogo, huku nakula,
na sikuifunika sahani.