Daftari la Moshi

Barua ilifika Jumanne, pamoja na bili ya maji,
karatasi mbili tu, muhuri wa wizara:
baada ya miaka mitatu kila tani ya hewa ya ukaa
itakuwa na bei, na mwenye dohani ndiye mlipaji.
Mzee Havránek aliisoma amesimama,
akaikunja mara nne, akaitia chini ya kikombe.
"Serikali huja na hupita," akasema.
"Tanuri hili limewaona wengi."

Mimi ni mhasibu. Sikujibu.
Nilichukua daftari jipya, la mistari ya buluu,
nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: MOSHI.

Kiwanda chetu ni cha bilauri, bondeni Skalnice.
Theluji ikianguka juu ya paa letu, haikai.
Tanuri halijazimwa tangu mwaka alioolewa binti yangu;
ukilizima, kioo huganda tumboni mwake.
Usiku, Jumapili, Krismasi, linakula gesi.
Miaka kumi na minne nimelipa chakula chake
wala sikuwahi kuuliza pesa zikishaungua huenda wapi.

Nikaanza kuuliza.
Nilimwuliza Radovan, anayejua joto kwa kutazama rangi;
akacheka: "Unataka nipime pumzi ya ng'ombe?"
Nilimwuliza dereva wa lori la mchanga kilomita zake.
Nikapanda ngazi na kijana mwenye kipimo, upepo ukinivuta skafu,
nikaona juu ya dohani kile kisichoonekana:
hewa ikitetemeka tu, kama uongo unaosemwa kwa adabu.

Mwisho wa mwaka nikajumlisha.
Tani elfu nne mia sita na kumi na moja.
Nikazidisha kwa bei iliyokuwa baruani,
nikafuta, nikazidisha tena.
Jibu lilikuwa mishahara ya watu kumi na wanane.

Sikumpelekea mzee asilimia wala michoro.
Nilimsomea majina, polepole, kuanzia Blažena wa kufungasha
hadi la kumi na nane, lililokuwa langu.

Akainua kikombe.
Barua ilikuwa pale, imepigwa chapa za duara za kahawa,
na mgongoni mwake, kwa penseli, hesabu zake mwenyewe:
bei ya matofali, bei ya umeme, mkopo wa miaka tisa.
Alizianza wiki ileile ya kwanza.
"Nilikuwa nangoja mtu aniambie nimekosea," akasema.

Tanuri lilikuwa limebakiza miaka miwili ya kuishi.
Kulijenga upya kwa gesi ni kufunga ndoa
ukiwa umekwisha kuandika talaka.
Mwenzetu wa ng'ambo ya mto alikodi wanasheria;
siku ya siku, alinyolewa bila maji.

Sisi tukanunua chupa zilizovunjika za baa za mji mzima,
kwani kioo kilichowahi kuyeyuka hakina ukaidi mara ya pili.
Joto lililokuwa likipotea juu tukaligeuza lirudi chini
likaushe mchanga, lipashe chumba cha kubadilishia nguo.
Mnunuzi wa Hamburg, kabla ya bei, akauliza tani;
nikamjibu kabla hajamaliza swali.

Februari tulilizima la zamani.
Radovan alikaa mbele yake mpaka wekundu ukawa kahawia,
kahawia ikawa kijivu, akavua kofia.
La umeme halina mwali wa kutazama;
atajifunza joto kwa tarakimu, kama mimi.
Sikumfariji. Kuna mambo hayana safu daftarini.

Asubuhi nilifika mapema. Kimya.
Nikainua macho: theluji imekaa juu ya paa,
nyeupe, nzima, mara ya kwanza tangu harusi ile.
Nikaandika tarehe. Chini ya MOSHI, sifuri,
sifuri ya siku moja, nikaipigia mstari kwa wino,
kisha nikaenda kumtafuta fundi
nimwulize huo umeme wetu nao
unachomewa wapi.