Yupo

Kwa wiki tatu nimekuwa nikifundisha dari.
Simu yake imelala chali mezani, kamera ikitazama juu,
nami huku Kinoo, vipokea sauti masikioni,
nimeijua dari ile kama mpangaji ajuavyo uso wa mwenye nyumba:
ufa unaoanzia kwenye taa,
doa la maji lenye umbo la kwato,
utando wa buibui unaotikisika
mtu akiburura kiti ghorofa ya juu.

Musembi hasemi. Huandika,
na haandiki upesi.
Programu ina saa yake: sekunde kumi na tano zikipita kimya
kidirisha huchomoza kikauliza,
Je, mwanafunzi bado yupo?
Nabonyeza Yupo.
Kinachomoza tena.
Yupo.
Yupo, wewe, yupo, mwache afikiri.

Mamake alinitumia ripoti ya shule aliyoiacha,
kaipiga picha juu ya meza ya plastiki.
Wino mwekundu: Hatulii. Hajibu. Huziba masikio kengele ikilia.
Kisha ujumbe wa sauti, umejaa honi za Outering:
"Mwalimu, huyu si mjinga.
Huniambia mtungi upi umepungua kabla sijauinua."

Basi nikaanzia mtungini.
Nikaifunga ile sura ya sehemu yenye keki za rangi rangi
(nani kule Pipeline hukata keki vipande vinane siku ya Jumanne?)
nikamwandikia: Maji huja lini?
Kidirisha. Yupo. Kidirisha. Yupo.
Dakika nne na ushei:
Jumatano usiku. Jumamosi wakipenda.
Mitungi mingapi?
6.
Na leo Ijumaa, imebaki mingapi?
Hilo alilijibu mbio, kama aliyengoja aulizwe tangu azaliwe:
2 na robo. Robo ni ya bluu. Ya bluu inavuja.

Nilicheka huku nimeziba mdomo.
Sauti yangu humchoma; tulikubaliana ninong'one, au ninyamaze.

Kaka yangu huniuliza, "Kwa hivyo unalipwa kutazama dari?"
Nalipwa. Mia tatu kwa saa, bando ni juu yangu.
Hajamwona Nyanchera wa saa kumi, ambaye herufi humchezea kibe,
b ikijificha nyuma ya d,
mpaka nizikuze kama vichwa vya ng'ombe
na karatasi niifanye rangi ya chai ya maziwa.
Hajamwona Abdirizak, asiyesikia: mtandao ukiganda
mkono wangu hubaki hewani katikati ya neno
naye, kule Eastleigh, hunimalizia,
mara nyingi neno zuri kuliko langu.
Sijui kama hiyo ni kazi.
Najua saa moja usiku mgongo huniuma
na bado namwaza yule wa dari.

Jana tulikuwa katikati ya theluthi
transfoma ya mtaa wangu ikapasuka.
Giza. Waifai ikafa.
Nikapapasa simu, nikanunua bando ya ishirini,
ile inayojishauri kwanza kabla ya kukubali.
Nikawaza: amefunga. Ameziba masikio. Wiki tatu zimekwenda na maji,
tutaanza upya kwenye kwato na ufa.

Nilipoingia, sikuikuta dari.
Niliona kiwiko.
Chupa ya chai. Kona ya dirisha, sweta la shule limeanikwa
ingawa hakuna anayelivaa.
Kisha jicho moja, karibu mno,
likinitafuta ndani ya kioo,
likaondoka.

Na pembeni, mstari chini ya mstari:
Mwalimu umepotea.
Kidirisha kinauliza kama bado upo.
Nimebonyeza Yupo.
Kinauliza tena.
Nimebonyeza mara 36.
Ni dakika 9.
Theluthi ya 36 ni 12.
Tuendelee?