Mama Kakanyaga Breki

Mama, panda. Si kwa safari.
Kaa tu kitini, kanga ikunje magotini,
mguu wa kulia weka hapa, juu ya pedeli,
nikisema kanyaga, ukanyage kama unaua nge.

Akapanda. Somoe binti Nantumbo,
miaka sitini na mbili, hajaendesha hata baiskeli,
kakaa juu ya pikipiki iliyosimama
uani kwetu Newala, kati ya jiko na pipa la maji ya mvua,
kashika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele
kama kuna njia.

Kava nimelifungua tangu asubuhi.
Ndani: grisi iliyokomaa, mchanga, unga wa salfa,
vimeshikamana vikawa kitu kimoja
nikakikwangua kwa kijiko.
Nisiulizwe kijiko cha nani.

Jumanne ile, mteremko wa Kitangari,
mfuko wa salfa nyuma, kilo ishirini na tano,
nilisikia kwanza mlio, ka, ka, ka,
nikasema ni jiwe.
Ukiwa na haraka kila mlio ni jiwe.
Kisha injini ikanguruma peke yake, bila mzigo,
kama mtu anayegomba chumbani na hakuna wa kumjibu.
Gia ndogo ya mbele ilikuwa imetembea, ikatoka kwenye shafti,
cheni ikalala barabarani,
na mimi na salfa tukalala pembeni yake.
Nyasi zikawa njano. Nilipiga chafya mpaka machozi.
Nati sikuiona. Labda mtoto kaiokota,
kaifunga kwenye kamba, anaizungusha.

Kumbe Chipwaza, fundi wa stendi,
aliikaza kwa nyundo na tindo,
akarudishia washa ile ile ya zamani,
ulimi wake umekunjwa, umekunjuliwa, umekunjwa tena.
Ulimi hauna mfupa, tunajua.
Lakini huu ni wa bati, na bati lina hesabu ya mikunjo:
mara ya tatu hukatika kimya
na nati inabaki na imani tu.

Nimenunua mpya. Washa, mia saba. Nati, elfu mbili.
Mama alipoziona kiganjani akauliza,
"Ndiyo hizi tu?"
Ndiyo hizi tu.

Nyuzi za shafti nimezisugua kwa mswaki na petroli.
Nimevalisha gia, nikapandisha cheni juu yake
(bila cheni, breki itashika nini?).
Washa. Kisha nati, upande wenye shimo ukitazama ndani,
kwa vidole kwanza, kwa vidole tu,
mpaka ikatae yenyewe.
Ikiingia mshazari, rudi nyuma. Usibishane nayo.

Halafu boksi spana, na kipande cha bomba
cha kurefusha mkono.
"Kanyaga, mama."
Akakanyaga
kwa mguu ule ulioshuka bondeni kufuata maji
miaka ile ya kutoka usiku na kurudi na ndoo moja,
kidole gumba hakina kucha.
Gurudumu halikusogea hata unywele.
Nikavuta. Bomba likalia. Nikavuta tena
mpaka mkono ukaniambia basi,
kisha nikaongeza kidogo, kwa sababu ya Kitangari.

"Imeshakaza, si ndiyo?"
Imekaza. Ila kukaza si kufunga.
Nikachukua tindo butu, nikainua ulimi wa washa
taratibu, nikaulaza kwenye bapa la nati,
nikagonga mara mbili.
Pale ulipolala hapapiti karatasi.

Nikaanza kutafuta bolti za kava.
Moja ilikuwa ndani ya bakuli la ming'oko, sijui ilifikaje.
Nikafunga kava, nikafuta spana, nikanawa kwa majivu,
nikaingia ndani kunywa maji,
nikakaa.
Ndipo sauti ikatoka uani,
bila hasira, sauti ya mtu aliye kazini:

"Wewe, bado nimekanyaga. Niachie?"