Mliwa

Miche ya kwanza niliiua kwa mapenzi.
Zamu yetu ya falaji, Jumatatu kabla ya adhana,
nikafungua kizibo, maji yakasimama shinani
kama tunavyoifanyia mitende.
Siku ya tisa majani yalikuwa manjano.
Nikang'oa mmoja: mzizi mweusi,
unanuka tambara la jikoni.

Ya pili nikaipandisha juu, kwenye kichanga na kokoto,
pale maji yanapopita bila kukaa kitako.
Jua la Juni la Samail likaimaliza
nami bado natafuta makuti ya kivuli.

Harith wa kitalu cha Barka alinicheka kwenye simu.
"Umeupanda peke yake? Mti huo haujui kujilisha.
Unataka jirani wa kumnyonya mizizi:
mgunga, mvinje, hata mbaazi.
Ukiwa mdogo upe nusu ya jua. Ukikua, lote.
Udongo usioshika maji. Halafu ngoja."
"Ningoje miaka mingapi?"
"Kwani wewe una mingapi?"

Mbaazi tunazo. Safu tatu ukutani, za mama,
mbegu zilizotoka Wete zimefungwa kwenye pindo la kanga.
"Mgeni huyo anyonye mbaazi zangu?" Akaugeuza mche kiganjani.
"Anaitwa mliwa, kumbe ndiye mla!"
Tukacheka hadi kiuno kikamshika.

Kisha akanyamaza, akipapasa kuta za kikopo.
"Mimi hapa nilikuja sijui Kiarabu cha kuombea chumvi.
Miaka miwili nimekula kwa mkono wa Zamzam bint Said.
Akiniletea mkate, akinisemea dukani.
Yeye alikonda. Mimi sikuuliza."
Akachukua kijembe mwenyewe.
"Hapa. Huu wa katikati una mizizi mirefu."

Sasa ni mwaka wa nne. Mliwa umenifika sikioni.
Mbaazi ya katikati imekauka upande mmoja,
mama huimwagia maji ya kuoshea mchele
na kuipa pole kwa jina ambalo si la mmea.

Nimelikwaruza gome kwa ukucha: hainuki kitu,
ubichi tu. Harufu imo moyoni mwa mti,
na moyo wenyewe bado haujaumbika.

Mama ana themanini na tatu.
Kila Alhamisi husaga liwa ya Matrah juu ya jiwe,
akajipaka, akatoka na kiti chake,
akaukaribia mti, akaupa shavu.
"Nusa," anauambia. "Usije ukasema hukuelekezwa."