Mchora Macho

Julai, Temuco hunuka kuni mbichi.
Moshi huteremka badala ya kupanda,
na mvua hunyesha kama iliyosahau kwamba ilinyesha jana.
Mimi, Hortensia Huenul, nachora macho.
Si ya picha. Ya kuvaa.

Kwanza nta, ishike umbo la tundu.
Kisha akriliki nyeupe,
kisha uzi wa hariri, mwekundu, mwembamba kuliko unywele.
Nalaza mshipa baada ya mshipa kwa koleo,
maana jicho jeupe pepepe ni la mwanasesere,
watoto hulikimbia.
Mboni huja mwisho.

Zamani walikuja wapasua mbao,
mafundi wa kuchomelea,
mzee mmoja aliyepigwa pembe na fahali wake mwenyewe.
Mwaka ule wa maandamano wakaanza kuja wanafunzi.
Walileta bahasha za hospitali.
Ndani ya bahasha, picha ya fuvu;
ndani ya fuvu, kitone cheupe
cha mviringo, kama mbaazi.

Gazeti liliiita silaha isiyoua.
Nililisoma neno hilo nikingoja gundi ikauke.
Isiyoua.
Ukanushe utakavyo,
kitenzi kimekaa palepale, kimekunja miguu, kinangoja.

Ayelén Curihual, miaka kumi na tisa, jicho la kushoto.
Siku ile alikuwa na sufuria na mwiko.
"Walisema ni mpira tu," akaniambia,
akacheka. "Mpira si huchezwa?
Basi golini alikaa nani?"
Jicho lake lililobaki lina rangi ya asali,
na karibu na ukingo, doa la kijani.
Doa lile lilinishinda mara mbili.

Kisha, Septemba, akaja mwanamume wa makamo,
viatu vimeng'arishwa, kofia hana.
Sajini Evaristo Mardones, mwalimu wa makuruta. Jicho la kulia.
Hakupigwa jiwe.
Alikuwa uwanjani akifundisha:
kwanza sauti, kisha mkono, kisha rungu, kisha pilipili,
kisha hii, hatua arobaini, chini ya kiuno,
na hii iwe ya mwisho kabisa.
Ngazi, aliiita.
Kuruta mmoja mkono ukatetemeka.
Risasi ikagonga chini, ikagonga ukuta,
ikamrudia mwalimu.
"Palikuwa na kokoto," alisema, kama anayemtetea mwanawe.
"Kitabu hakisemi lolote kuhusu kokoto."

Nikachukua nta. Tundu ni tundu.
Sikumwambia neno.
Hapana, nadanganya: nilimwambia ainue kidevu,
kwa sauti ambayo Ayelén hajawahi kuisikia.
Akakiinua. Alizoea kutii.

Siku ya pili, nikilaza uzi, nikamuuliza
kama mtaani aliwahi kufyatua.
"Thelathini na saba," akasema.
"Watu?"
"Risasi. Fomu ilitaka idadi ya risasi.
Ya watu haikuwa na mstari."
Uzi ukanikatikia. Nikaanza mwingine.

Alipolivaa alisimama mbele ya kioo muda mrefu.
"Litalia?"
"Litalia. Tezi ya machozi iko juu huko, nzima,
haina habari kwamba chini kumekufa mtu."
Nilikusudia kusema jicho. Nikasema mtu.
Hakunisahihisha.

Alhamisi aliyorudi kusuguliwa ukingo uliomkwaruza,
Ayelén naye alikuja kung'arishiwa lake.
Nina benchi moja tu, karibu na jiko.
Yeye alikaa kulia, sajini kushoto,
upofu umeegemea upofu,
kila mmoja akitazama ukuta wa upande wake.
Hakuna aliyejua amekaa na nani.
Mimi nilijua. Nilishika kitambaa cha kung'arishia
na sikung'arisha chochote.

"Wewe lako lilikuwaje?" Ayelén akauliza,
akiuuliza ukuta.

Ili waonane, mmoja ingebidi ageuze shingo nzima.
Nilisikia kola ya koti ikikwaruza,
sijui la nani.
Kuni zilikuwa bado nyingi jikoni.
Nikatoka nje kuongeza nyingine.