Pua ya Mreno

Mtaa wa Igun. Igbinoba ananikaripia:
"Ongeza nta! Wale walikuwa na pua!"
Naongeza. Nachora ndevu, uzi kwa uzi,
na kofia kama sufuria iliyofunikwa.

Alikuja na bangili za shaba, mapipa tele,
akataka pilipili, akataka pembe,
akataka watu.

Bangili zake tukaziyeyusha.
Nta ikamtoka, shaba yake ikamwingia,
akazaliwa mdogo kando ya mfalme,
hamfikii hata kiunoni.

Akakaa ukutani, kimya, vizazi na vizazi,
mpaka wakaja askari na moto wao
wakambeba, yeye na mfalme wake.
Wako nyuma ya kioo sasa, ugenini, kwenye baridi.

Huyu wangu bado laini.
Pua, asema Igbinoba, bado fupi.